Barua ya Januari Huandikwa Mwezi wa Sita



Alhamisi moja ya mwezi wa Januari, baada ya darsa ya akina mama kumalizika na vikombe vya kahawa kukusanywa, mmoja wa mama zetu alibaki nyuma. Alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne, akatuomba tumsomee. Ilikuwa ni barua ya kujiunga na Gredi ya 10. Binti yake alikuwa amepangiwa shule ya bweni katika kaunti ambayo hapana mtu wa ukoo wao aliyepata kuikanyaga, tena katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Binti mwenyewe, tangu alipomuuguza bibi yake kwa miezi kadhaa, hana neno jingine kinywani ila kwamba atakuwa muuguzi.

Tukamuuliza, "Nani aliyechagua, mama?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nasikia ni sisi."

Na ilikuwa kweli. Katikati ya mwaka uliotangulia, binti alikuja nyumbani na fomu. Ilikuwa baada ya Magharibi, chungu kiko jikoni, mtoto mdogo analia. Mama akatia sahihi akidhani ni karatasi ya kawaida ya mtihani. Baba alikuwa kazini. Binti naye alikuwa amejaza pamoja na wenziwe, kila mmoja akifuata la mwenzake, na shule ile ya mbali aliiweka mbele kwa sababu alipendezwa na sare yake. Barua ilipofika, baba alikataa binti asipelekwe mbali kiasi hicho. Wiki zikapita mtoto yuko nyumbani. Alhamdulillahi, mwishowe alipata nafasi katika shule ya kutwa iliyo karibu nao. Lakini masomo yalikuwa yamekwisha kumtangulia, na mkondo alioupata si ule alioutaka moyo wake.

Tunakisimulia kisa hiki kwa idhini ya mama huyo, naye ndiye aliyetuhimiza tukiandike. "Waambieni wenzangu," alisema, "barua inayokuja Januari huandikwa mwezi wa sita." Wiki hii tumeona ni vyema tukae pamoja na familia zetu tulieleze jambo hili kwa utulivu, kabla fomu hazijaletwa tena nyumbani.

Mfumo umebadilika, na mazoea yetu hayana budi kubadilika

Wengi wetu tulisoma katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. Katika mfumo ule, mtoto alifanya mtihani mmoja mwisho wa darasa la nane, na alama zake ndizo zilizoamua shule. Mtihani huo, KCPE, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Wale walio nyuma ya mfumo huo sasa wako sekondari, na mtihani wao wa mwisho wa kidato cha nne utafanywa mwaka 2027. Baada ya hapo, 8-4-4 itabaki kuwa hadithi.

Mtaala wa Umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019 una ngazi zake: miaka 2 ya shule ya awali, miaka 6 ya msingi, miaka 3 ya sekondari msingi, miaka 3 ya sekondari pevu, kisha angalau miaka 3 ya chuo. Watoto wa kundi la kwanza walifanya mtihani wa Gredi ya 9, uitwao KJSEA, mwishoni mwa mwaka 2025, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10. Hao ndio waliotangulia kupita katika mlango huu, nao na wazazi wao wamejifunza kwa kujikwaa. Wanaofuata hawana udhuru huo.

Tofauti kubwa ambayo mzazi anapaswa kuifahamu ni hii: zamani masomo yalichaguliwa baada ya mtoto kufika shuleni. Sasa mtoto huchagua mkondo, masomo na shule kabla hata hajaufanya mtihani. Kundi la kwanza lilitakiwa kuorodhesha shule 12. Kwa hivyo fomu ile ambayo mama yetu aliitia sahihi pembeni mwa chungu ilikuwa na uzito ambao zamani ulikuwa katika chumba cha mtihani.

Alama hazichumwi siku moja

Jambo la pili ni namna alama zinavyopatikana. Katika upangaji wa Gredi ya 10, asilimia 60 ya alama hutokana na mtihani wa Gredi ya 9. Asilimia 20 hutokana na tathmini ya Gredi ya 6, ile iitwayo KPSEA. Asilimia 20 iliyobaki hutokana na tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na Gredi ya 8.

Maana yake ni kwamba mtoto anapoketi kuufanya mtihani wa mwisho, sehemu mbili katika tano za hatima yake zimekwisha kuandikwa. Mzazi wa mtoto wa Gredi ya 7 asiseme, "Bado yuko mbali." Hayuko mbali. Mtoto anapokosa shule wiki nzima kwa sababu ya harusi ya jamaa Lamu, au anapoachwa nyumbani kuangalia wadogo zake, huenda ikawa ndiyo wiki ya tathmini. Hatusemi watu wasihudhurie harusi. Kuunga udugu ni jambo la kheri. Tunasema muulize mwalimu wa darasa tarehe za tathmini mwanzo wa muhula, uzibandike mlangoni, kisha upange safari zako ukizitazama.

Matokeo nayo hayaji tena kwa jumla ya alama 500. Katika kila somo mtoto huwekwa katika daraja moja kati ya nne: Kuzidisha Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio, au Mbali na Matarajio. Kila daraja limegawanywa mara mbili, na kwa hivyo pointi za somo huanzia 8 na kushuka hadi 1. Masomo ni 9, na Elimu ya Dini ni moja kati yake. Mzazi anayeuliza tu, "Umepata ngapi?" hatapata jibu lenye maana. Swali lenye faida ni, "Katika somo lipi umezidisha matarajio, na lipi limekushinda?" Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha mkondo.

Mikondo mitatu

Sekondari pevu ina mikondo mitatu. Wa kwanza ni wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao wengi huuita STEM. Humo mna sayansi zenyewe, sayansi zinazotumika kama kilimo na kompyuta, na masomo ya ufundi. Wa pili ni Sayansi ya Jamii: lugha na fasihi, historia, jiografia, biashara, na masomo ya dini. Wa tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwanafunzi huchagua masomo matatu ya kujikita ndani yake. Zaidi ya hayo yako ya lazima kwa wote: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, hisabati, mafunzo ya huduma kwa jamii, na elimu ya viungo.

Kuhusu hisabati pana jambo la kuangaliwa sana. Mwanzoni haikuwa ya lazima kwa wote; baada ya wananchi kutoa maoni, mwaka 2025 serikali iliamua isomwe katika mikondo yote. Lakini ziko hisabati mbili: ya msingi mpana kwa wale wa STEM, na nyingine nyepesi kwa wale wa mikondo miwili iliyobaki. Mtoto anayetamani uhandisi, udaktari au urubani wa meli asidanganyike kwamba hisabati ni hisabati. Aulize ni ipi.

Serikali imelenga wanafunzi wapatao asilimia 60 waingie STEM, asilimia 25 Sayansi ya Jamii, na asilimia 15 Sanaa na Michezo. Baadhi ya wazazi wakisikia hivyo hudhani kwamba STEM ni ya wenye akili na mikondo mingine ni ya walioshindwa. Hilo ni kosa, na huwaumiza watoto. Wakili, mwalimu, mfasiri na mhasibu hutoka katika Sayansi ya Jamii. Kosa lililo kinyume cha hilo nalo tumeliona katika miji yetu: binti mwenye kipaji cha sayansi huambiwa, "Hayo ni masomo ya wavulana, wewe chukua mepesi." Kisha mkewe mtu huyo huyo anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, huzunguka hospitali nzima akitafuta mkunga mwanamke. Mkunga huyo atatoka wapi, ikiwa sisi ndio tunaowazuia mabinti wasisome biolojia na kemia?

Wala ufundi si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho watu wengi hupita mbele yake pale Tudor kila siku, kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikiwa taasisi ya elimu ya Waislamu, ambayo wazee bado huiita MIOME. Ilianzishwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ujuzi wa ufundi. Leo ni chuo kikuu cha Wakenya wote. Waliotutangulia waliona kwamba umma usiojua kutengeneza hubaki kuwa mnunuzi.

Somo la dini liko wapi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi kuliko yote. Katika sekondari msingi, Elimu ya Dini ya Kiislamu ni mojawapo ya yale masomo 9, kwa hivyo kila mtoto wetu aliye katika shule yenye mwalimu wake huisoma. Katika sekondari pevu mambo hubadilika. Somo hilo liko katika mkondo wa Sayansi ya Jamii, pamoja na historia, jiografia na biashara. Kiarabu nacho kiko katika mkondo huo huo, upande wa lugha. Si masomo ya lazima. Mtoto anayejikita katika fizikia, kemia na biolojia hatakuwa na somo la dini katika masomo yake matatu.

Wako wazazi ambao, wakilisikia hili, huingiwa na hofu na kumlazimisha mtoto wa sayansi aingie Sayansi ya Jamii ili asiiache dini. Tunaielewa hofu hiyo, nayo inatokana na mapenzi. Lakini tuulizane kwa insafu: je, dini ya mtoto wetu tumeitegemeza juu ya vipindi vichache vya wiki katika jedwali la shule? Kabla ya shule hizi kujengwa, watoto wa pwani walisoma Qur'ani chuoni kwa maalim, wakajifunza fiqhi msikitini, na adabu wakazipata katika magoti ya mama zao. Milango hiyo haijafungwa na Wizara ya Elimu. Ikiwa imefungwa, tumeifunga sisi.

Shauri letu, basi, ni hili. Mtoto mwenye kipaji cha sayansi aachwe aende na sayansi yake, na familia ijifunge kumwendeleza madrasani mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo, mpaka amalize Gredi ya 12. Tabia ya kumtoa mtoto madrasa pindi anapoingia sekondari, kwa hoja kwamba "sasa ana masomo mengi", ndiyo inayotuletea wahitimu wasioweza kusimamia sala ya jeneza ya wazazi wao. Na mtoto ambaye moyo wake umeelekea kwenye elimu ya dini, lugha ya Kiarabu na historia, naye asidharauliwe. Hao ndio walimu wa dini wa kesho, nao wanahitajika: ziko shule ambazo Waislamu wako lakini mwalimu wa somo lao hayuko. Hao ndio makadhi wa kesho pia. Mahakama za Kadhi zimo katika Kifungu cha 170 cha Katiba, na katiba inamtaka kadhi awe Muislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu.

Muhimu ni kuuliza mapema. Si kila shule inayofundisha kila somo. Shule iliyo na mkondo wa Sayansi ya Jamii huenda isiwe na mwalimu wa Dini ya Kiislamu wala wa Kiarabu. Jina la mkondo katika fomu halitoshi. Linalotakiwa ni jina la somo, na kuthibitisha kwamba mwalimu yuko.

Bweni au kutwa?

Wengi wetu tumekulia katika fikra kwamba shule bora ni ya bweni, na iliyo mbali ni bora zaidi. Hebu tuipime fikra hiyo. Kiwango cha karo kilichowekwa na serikali kwa shule za bweni za daraja la juu ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na kwa shule nyingine nyingi za bweni ni shilingi 40,535. Hapo hujahesabu sanduku, godoro, sare, na nauli ya kwenda na kurudi mara tatu kwa mwaka. Kwa shule za kutwa, serikali imeahidi mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mzazi hubaki na chakula cha mchana, sare na mahitaji madogo madogo. Kwa familia ya mvuvi au ya mama muuza viazi karai, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mdogo wa mtoto huyo naye atasoma.

Kwa binti yako mambo mengine ya kuuliza kabla ya kuliandika jina la shule ya bweni. Je, pana mahali pa kusalia? Je, Ramadhani wanaofunga hupewa daku, au huambiwa wangoje kifungua kinywa cha saa kumi na mbili? Je, nyama ni ya halali? Je, wako Waislamu wengine, ama atakuwa peke yake? Je, ana jamaa katika mji ule atakayemwendea akiugua? Haya si maswali ya ubishi. Ni maswali ambayo mkuu wa shule mwenye busara huyajibu kwa furaha, na ambaye hataki kuyajibu naye amekwisha kujibu.

Na hapa hatuna budi kuitaja hijabu. Wengi husema, "Mahakama imekataza hijabu shuleni." Sivyo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyotokana na shule moja ya Isiolo, iliamua kwa faida ya wanafunzi wa Kiislamu waliotaka kuvaa hijabu pamoja na sare. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo, na sababu iliyotajwa ilikuwa kwamba dai lile halikuwasilishwa mahakamani kwa utaratibu unaofaa. Hata hivyo mahakama iliielekeza bodi ya shule ile ishauriane na wazazi na wahusika wengine. Kifungu cha 32 cha Katiba bado kipo, nacho kinasema kwamba mtu hawezi kunyimwa nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamtaka mdhamini wa shule, awe kanisa au jumuiya ya Kiislamu, alinde imani za wanafunzi wasio wa dhehebu lake.

Natija yake kwetu ni nini? Ni kwamba jambo hili limeachiwa mazungumzo kati ya shule na wazazi. Na katika mazungumzo, asiyekuwapo hana sauti.

Kiti ambacho ni chetu

Sheria hiyo ya 2013 imetupa viti viwili ambavyo mara nyingi huviacha vitupu. Cha kwanza ni Chama cha Wazazi. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, bila ya kuchaguliwa na mtu na bila ya kuomba ruhusa. Chama hicho hufanya mkutano mkuu kila mwaka, na kamati yake ina mwakilishi wa wazazi wa kila darasa. Kamati hiyo huhusika na ustawi wa wanafunzi, na hupendekeza michango ambayo wazazi wataombwa. Mzazi anayelalamika njiani kuhusu pesa za masomo ya ziada ilhali hakuhudhuria mkutano uliozipitisha amechelewa.

Cha pili ni Bodi ya Usimamizi. Wajumbe 6 wa bodi huchaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya mahali hapo. Sita! Mdhamini wa shule ana watatu. Bodi ndiyo inayokaa na kuamua kanuni za shule, zikiwamo za mavazi. Tukiuliza katika mitaa yetu ni nani aliye katika bodi ya shule anayosoma mtoto wetu, wachache tutajibu.

Tunajua sababu. Mikutano huitwa siku za kazi. Akina mama wengine huona haya kusema mbele ya wanaume, au hudhani kwamba Kiswahili chao si cha mkutanoni, au huambiwa kwamba hayo ni mambo ya baba. Lakini ni nani anayejua kwamba mtoto amekuja na karatasi? Ni nani anayejua kwamba binti ameacha kula kwa sababu anaogopa hisabati? Mama ndiye anayejua, na ujuzi huo ukibaki jikoni haumfai mtoto.

Wala si jambo jipya kwa wanawake wa pwani kusimamia elimu. Katika miaka ya 1980, hapa Mombasa, Bi Swafiya Said alishika uongozi katika kuanzisha shule za awali ndani ya madrasa, ambamo watoto wadogo walijifunza dini pamoja na kuhesabu na kusoma, wakifundishwa na wanawake wa mitaa yao wenyewe. Mpango huo ulivuka ukafika Zanzibar na Uganda. Na miaka hamsini kabla yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliitumia gazeti lake la Al-Islah, lililoanza mwaka 1932, kuwahimiza Waislamu wa pwani wazikusanye elimu mbili, ya dini na ya dunia, na wala wasiwasahau mabinti. Tunayoyasema leo wametusemea wazee; kilichobadilika ni jina la fomu.

Kabla ya kutia sahihi

Tumeyakusanya haya ili myakate na kuyabandika ukutani.

Kwanza, hakiki majina. Jina katika cheti cha kuzaliwa na jina lililosajiliwa kwa mtihani yawe mamoja, herufi kwa herufi. Fatma si Fatuma, Muhammad si Mohamed, Swaleh si Salehe. Kosa dogo leo huwa safari nyingi za ofisini kesho. Na asiye na cheti cha kuzaliwa aanze kukitafuta sasa, asingoje Gredi ya 9.

Pili, keti na mtoto, baba na mama pamoja, jioni moja isiyo na simu. Msikilize kwanza. Mtoto akisema anataka mkondo fulani, muulize kwa nini. Akijibu, "Kwa sababu rafiki yangu," mazungumzo bado hayajaisha.

Tatu, tazameni ripoti zake za Gredi ya 7 na ya 8 mkiwa na mwalimu wake. Mapenzi ya mzazi hayampi mtoto kipaji, na hofu ya mzazi haikiondoi.

Nne, kila shule mnayoiandika mjue mambo manne: iko wapi, ni ya bweni au kutwa, inafundisha masomo yapi hasa, na itawagharimu kiasi gani. Orodha ina nafasi nyingi. Zisijazwe kwa kubahatisha. Hakikisheni ziko ndani yake shule za kutwa za karibu ambazo mko radhi nazo kwa dhati.

Tano, msitie sahihi siku ile ile fomu inapofika. Ilaze usiku mmoja. Swalini istikhara. Kisha chukueni nakala yake, hata kama ni picha ya simu, ili siku ya barua mjue mlichokiomba.

Sita, barua ikija na isiyopendeza, msingoje. Nafasi ya kuomba kubadilishiwa shule hufunguliwa kwa siku chache tu. Nendeni kwa mkuu wa shule mtoto alikotoka siku hiyo hiyo, na mtoto asikae nyumbani wakati mnapotafuta. Elimu ya msingi ni haki yake kwa Kifungu cha 53 cha Katiba, na kumpeleka shule ni wajibu wetu kwa sheria, kabla hatujaulizwa na Mola wetu kuhusu amana tuliyopewa.

Neno la mwisho

Mama yule wa darsa ya Alhamisi ana mtoto mwingine wa kiume, yuko Gredi ya 8. Juzi tulimwona akitoka katika lango la shule, buibui lake lina vumbi la njia, mkononi ameshika daftari. Alikuwa amehudhuria mkutano wa Chama cha Wazazi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tulipomuuliza alikwenda kusema nini, alicheka. "Sikusema kitu," alijibu. "Nimekwenda kusikia kwanza. Nikishajua wanavyosema, nitasema."

Binti yake anaendelea na masomo katika ile shule ya kutwa. Jioni hukaa na mdogo wake, humfundisha sayansi ile ile ambayo yeye aliikosa, na ameapa kwamba fomu ya mdogo wake ataijaza yeye na mama yake mezani, taa ikiwaka, na chungu kikiwa kimekwisha kuepuliwa.

Neno la kwanza alilopewa Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, lilikuwa ni amri ya kusoma. Sisi wazazi nasi tuanze kwa kuisoma karatasi iliyo mkononi mwetu. Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, awaongoze kwenye lililo na kheri nao, na atujaalie tuwe wazazi wanaouliza kabla ya majuto. Amin.